Maswali ya Herode

Ijumaa usiku. Usingizi hauji, nimerudi tena Luka 23.

Herode, mtawala wa Galilaya, alifurahi sana kumwona Yesu. Alikuwa na hamu naye siku nyingi, akitaraji aone muujiza. Akamuuliza maneno mengi, asijibiwe hata moja. Lakini huyu ndiye aliyeamuru Yohana Mbatizaji akatwe kichwa. Sauti iliyokuwa ikimwambia ukweli aliizima mwenyewe, sasa anataka kiinimacho. Ajibiwe nini?

Juma hili na mimi niliwekwa kitimoto. Kila nikijibu, jibu linageuzwa kuwa kosa jipya. Mwisho nikanyamaza, nikawa nafungua na kufunga kifuniko cha kalamu mpaka kikakatika. Tulipotoka, dada mmoja akanishika mkono: "Umekuwa kama yule mwana-kondoo wa Isaya 53, asiyefungua kinywa." Nikatabasamu, huku najiona mwizi. Mwana-kondoo gani! Moyoni nilikuwa nimeshawatukana wote, mmoja mmoja. Nilinyamaza kwa kuwa sauti ingetetemeka.

Ndiyo maana leo nimezisoma zile kesi zote. Yesu hakunyamaza tu mwanzo hadi mwisho. Kwa Kayafa, kuhani mkuu, mashahidi wa uongo walipozungumza alikaa kimya. Alipoapishwa kwa Mungu aliye hai akajibu, na jibu lile ndilo wakalifanya kosa la kufa. Pilato alipouliza, "Wewe umetoka wapi?" hakupata kitu, ila alipojisifia mamlaka yake akaambiwa yametoka juu. Na kwa Anasi, mkwe wa Kayafa, mtumishi alipompiga kofi, alimuuliza usoni: "Kama nimesema vema, wanipigia nini?"

Mstari huo sijawahi kusikia akisomewa mtu anayeonewa. Yeye husomewa Isaya 53, anyamaze. (Mara nyingi msomaji ndiye mwonevu.)

Nimechukua daftari nikaandika maswali niliyoulizwa. Ninayoyakumbuka ni saba. Sita ni ya Herode kabisa, sioni cha kuyajibu hata leo. La saba liliulizwa na mzee aliyekaa nyuma, taratibu, kuhusu zile fedha zilizobaki. Yeye alitaka kujua. Na yeye pia nilimnyamazia, nikamweka kapu moja na wenzake.

Nimemwandikia ujumbe, nikaufuta, nikauandika tena. Saa saba kasoro. Atakuwa amelala. Asubuhi nitampigia.