Mbu, mbuzi: nilivyofundisha darasa la kwanza kusubiri

Mtoto wa miaka sita au saba anayeropoka jibu kabla swali halijaisha anaijua kanuni vizuri tu. Muulize, atakwambia: "Tunanyoosha mkono." Anaijua na anaivunja papo hapo, maana kujua ni kazi moja na kuuzuia mwili ni kazi nyingine. Sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na kuzuia huko huendelea kukomaa hadi mtu anapita miaka ishirini. Ndiyo maana nilipunguza nasaha za "tulieni" na "muwe na adabu", nikaanza kuwafanyisha watoto mazoezi ya kujizuia kama yale ya mwandiko: kidogo kidogo, kila siku, tena wakati hakuna aliyekasirika. Darasa lilikuwa na watoto 72, dawati moja watatu au wanne, hivyo chochote cha kadi au vifaa vya kununua nilikiweka kando.

Chombo kikubwa kilikuwa mchezo ambao kila mtoto mtaani anaujua: nyama nyama. Kiongozi anaita "Nyama nyama nyama!", wote wanaruka na kuitikia "Nyama!" Anataja mnyama, akiwa wa kuliwa wanaruka na kuitikia, asipoliwa wanakaa kimya. Ukiuchezesha kama unavyochezwa barazani, watoto wanafurahi, lakini hawajifunzi sana kujizuia. Niliubadilisha mambo matatu.

La kwanza ni uwiano. Mwanzoni niligawa nusu kwa nusu, wa kuliwa kumi na wasioliwa kumi, na karibu hakuna aliyekosea. Kukosa makosa huko ndiko kasoro. Mtoto akijua kwamba kila neno linaweza kuwa mtego, anasubiri tu. Hakuna mazoea ya kuruka yaliyojengeka, basi hakuna cha kuzuia. Siku hizi katika kila maneno 20, ya kuliwa huwa 15 na mitego mitano, na mtego wa kwanza hauji kabla ya neno la nne. Neno moja kila sekunde tatu hivi, kwa mdundo usioyumba. Ukichelewa kabla ya mtego, au ukiinua nyusi, watasoma uso wako na hawatasikiliza neno.

La pili ni maneno yenyewe, na hapa Kiswahili kinatusaidia sana. Badala ya kuweka mtego wa mbali kama "nyama ya meza", tafuta jozi zinazoanza sawa: mbuzi na mbu, ng'ombe na ng'e, kuku na kupe, kondoo na konokono, sungura na sungusungu. Mtoto akisikia "nyama ya mbu...", miguu tayari imekunjwa. Lazima aishikilie miguu hiyo mpaka neno liishe. Nusu sekunde hiyo ndiyo somo zima. Utaona mmoja amebaki na visigino hewani, mkono umeziba mdomo, macho yamemtoka, anacheka bila sauti. Huyo amejizuia, hata kama ameyumba. Mpongeze kwa kutaja alichofanya: "Umesikiliza mpaka mwisho." "Hodari" peke yake haimwambii arudie nini. Faida ya ziada ni kwamba sikio linazoea kutofautisha silabi, jambo ambalo kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) tunalitaka hata hivyo.

Orodha iandike kabla. Nguruwe nilimtoa kabisa, maana nusu ya darasa watasema analiwa na nusu watasema haramu, na mchezo utageuka kuwa mdahalo. Kumbikumbi na panya vilevile. Inategemea mtoto ametoka mkoa gani.

La tatu: hakuna kutolewa. Kwa kawaida anayekosea anatoka. Fikiri ni nani anatoka wa kwanza: yuleyule mwenye papara, anayehitaji mazoezi kuliko wote, anakaa pembeni dakika sita akichokoza wenzake, huku waliokwisha kujimudu ndio wanaoendelea kufanya mazoezi. Kwangu aliyekosea anagusa kichwa mara moja kisha anaendelea na neno linalofuata. Raundi moja ni maneno 20, raundi mbili au tatu zinatosha. Zote hazizidi dakika tano au saba, kwa sababu kipindi chenyewe ni cha dakika 30. Nilicheza mara mbili kwa siku, kabla ya kipindi cha kwanza na baada ya mapumziko. Kuta zikiwa nyembamba na mwalimu wa jirani akalalamika, ondoa kuruka na kuitikia. Mikono miwili juu inatosha.

Wiki ya kwanza tulicheza kwa sheria ya kawaida na mitego ya wazi. Wiki ya pili na ya tatu, jozi. Wiki ya nne niligeuza: "Leo sisi ni mijusi. Mjusi hali mbuzi, anakula mbu." Sasa wanaruka kwa mbu, nzi, mende na sungusungu, wanatulia kwa ng'ombe, kuku na sungura. Siku ya kwanza ni vurugu tupu, usiogope. Mazoea ya wiki tatu yanawavuta upande mmoja na sheria mpya inawavuta upande mwingine. Punguza kasi hadi neno moja kila sekunde tano, na kabla ya kuanza waulize mara tatu: "Sisi ni nani? Tunakula nini?" Makosa yakibaki mengi baada ya siku tatu, rudi kwenye sheria ya kawaida wiki nzima. Nilipolazimisha, walianza kuangaliana na kuruka kwa kuigana, na mtu anayemwiga jirani hajizuii chochote.

Lakini mchezo hauhami wenyewe kwenda kwenye somo la hesabu. Kuuhamisha ni kazi nyingine, na hapo ndipo nilipokosea muda mrefu. Nikiuliza swali, vidole vinalia na sauti zinapanda: "Mwalimu mimi! Mwalimu mimi!" Nami, nikiwa na haraka ya kumaliza, namchagua aliye karibu anayepiga kelele. Kumchagua mara moja tu kati ya mara kumi kunatosha kuifanya kelele iendelee, kwa sababu amejifunza kwamba siku nyingine inalipa. Dawa ilikuwa ngumi na vizibo. Nikishauliza, nainua ngumi na kuifungua kidole kimoja kimoja, sekunde tano. Mikono inanyooshwa kiganja kikiwa wazi. Kisha nachomoa kizibo cha soda kwenye kopo. Vizibo viko 72, kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito namba ya mtoto kwenye daftari la mahudhurio. Namba ikitoka, huyo anajibu. Aliyeropoka hapati lawama wala hapati zamu, hata jibu lake likiwa sahihi. Kunyamazia jibu sahihi ni kugumu kuliko unavyodhani.

Foleni ya bombani ilihitaji kitu kingine. Kumwambia mtoto "Usikimbie!" kuna tatizo: analolisikia kwa nguvu ni "kimbie", na hata akielewa, hujamwambia afanye nini badala yake. Tulibadilisha amri zote za namna hiyo: "Tembea." "Shika kiwiko chako." "Hatua moja nyuma." Na kwa kusukumwa, ambako ndiko ngumi zinakoanzia, kila mtoto alikariri mpango mmoja wa "akifanya hivi, nafanya hivi": *Mwenzangu akinisukuma, nakunja mikono, narudi hatua moja, nasema "Sitaki."* Tuliuigiza mbele ya darasa watoto wawili wawili, jozi tano kwa siku, wakiwa wametulia. Mpango unaofundishwa ugomvi ukiwa umeshawaka haushiki. Tena nilipeleka watoto 12 kwa wakati mmoja. Foleni ya watu 72 huwashinda hata watu wazima.

Kuna jambo la ahadi. Lile jaribio maarufu la pipi, ambapo mtoto huachwa na pipi moja na kuahidiwa ya pili akisubiri bila kuila, ambalo mwanasaikolojia Walter Mischel na wenzake walilifanya Chuo Kikuu cha Stanford, wengi hulitaja kana kwamba linapima tabia ya mtoto peke yake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester walipima watoto 28 kwa namna tofauti: kabla ya pipi, nusu yao waliahidiwa vifaa bora vya kuchorea na stika, visiletwe, nusu nyingine waliletewa. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Mtoto asiyesubiri huenda amepiga hesabu yake vizuri. Nilijikagua: "tutamalizia kesho", "nitakuita wewe baadaye", "mkinyamaza nitawapeleka nje". Sasa ahadi naiandika kwenye kona ya ubao na kuifuta ikishatimia mbele yao. Nisichoweza kukiandika, sikiahidi.

Fimbo inanyamazisha, sikatai. Ila simama nje ya mlango dakika mbili usikilize. Ukimya ulioondoka nawe haukuwa wao.

Kupima maendeleo, chukua dakika kumi za somo lilelile, Jumatatu na Alhamisi, na kila anayeropoka mchoree kijistari pembeni mwa andalio la somo. Usipime dakika za mwisho kabla ya uji. Mtoto mwenye njaa ataharibu hesabu zako na wala si kosa lake. Kwangu vijistari havikupungua wiki mbili za kwanza, na hapo ndipo wengi huacha. Vilianza kupungua baada ya vizibo, wiki ya tatu.

Angalia pia mtoto anayekosea jozi zilezile kila siku, hata ukienda polepole. Simama nyuma yake, sema "mbu" na "mbuzi" kwa sauti ya kawaida asiuone mdomo wako. Asipotofautisha, huenda tatizo ni sikio na si papara: mhamishie dawati la mbele na umwite mzazi ampeleke hospitali kupimwa.

Kuanzia wiki ya sita uongozi niliwapa watoto, na niliwachagua wenye papara kwanza. Kiongozi analijua neno zima na hatakiwi kulitoa lote. Mwingine alisimama mbele na orodha yangu, akavuta "nyama ya mbuuuu..." mpaka pumzi ikakaribia kuisha, akiwakagua mmoja mmoja miguu, na silabi ya mwisho ameifungia mdomoni.