Majilio, mathe na kofia za kaboi

Jumamosi iliyopita, usiku wa kuamkia Dominika ya tatu ya Majilio (zile wiki nne za kungoja Krismasi), tulienda show ya country hapa Nakuru: mimi, mzee, mathe, sista yangu na kijana wake. Ukisikia hivyo utadhani ni outing ya kawaida tu, lakini kwetu kumtoa mathe nyumbani aende kusikiza muziki ndani ya Majilio ni kazi ya miezi.

Lazima umjue mathe kwanza. Yeye ni mkatoliki wa kitambo, wa jumuiya, wa novena, wa kufika Misa ya kwanza kabla katekista hajafungua mlango. Kwake Disemba sio Krismasi. Krismasi inaanza tarehe 24 jioni, na kabla ya hapo hakuna mti, hakuna pango la Yesu mchanga sebuleni, hakuna taa za kumetameta na zaidi ya yote hakuna wimbo wa Noeli. Kanisani kwenyewe "Utukufu" hauimbwi wiki hizi zote nne na padri anavaa zambarau, so wewe ni nani ndio ujifanye umeshafika Bethlehemu? Kuingia supermarket na yeye mwezi wa kumi na moja ni shida, kwa sababu speaker za huko ndani zinapiga kengele za Krismasi na yeye anasukuma trolley akinung'unika kutoka kwa mchele mpaka kwa sabuni.

Badala yake tuko na shada la Majilio, na hii ni kitu ya mathe mwenyewe tangu tukiwa wadogo. Sinia kuukuu la chai, matawi ya saipras yamekatwa kwa fence, mishumaa minne. Mishumaa ya zambarau ni ngumu kupata huku so ananunua nyeupe zile za stima ikipotea, anazifunga ribon, tatu zambarau na moja pinki ya Dominika ya tatu, ile ya furaha. Kila Jumapili mdogo kuliko wote ndiye anawasha, tunasali fumbo moja la rozari halafu chapati. Na kuna sheria ingine ambayo sijaiona kwa familia nyingine: mshumaa ukiwaka, kila mtu lazima apigie simu ndugu mmoja ambaye hamjaongea mwaka mzima. Sio text, simu. Mwaka huu Jumapili ya kwanza mzee alipigia kakake ambaye walikosana mambo ya fence ya shamba, wakaongea juu ya mvua dakika kadhaa, fence haikutajwa, lakini waliongea.

Sasa mzee. Mzee ni mtu wa country kabisa, na watu wa kizazi chake kutoka Kericho, Bomet, Nakuru, Nyandarua hadi kule Eldoret mnajua ninaongea kuhusu nini. Hawa ni watoto wa redio. KBC English Service jioni, Sundowner, mtu amekaa na kikombe cha chai anasikiza Jim Reeves, mwimbaji wa country wa Marekani, kama anasikiza mahubiri. Jim Reeves mwenyewe alikufa 31 Julai 1964 kwa ajali ya ndege akiwa na miaka 40, yaani hakuwahi kuona Kenya ikitimiza mwaka mmoja wa uhuru, na bado ukienda kijiji chochote huku kwetu wiki ya Krismasi utamsikia kabla hujasikia mbuzi. Alikuwa ametoa albamu ya Krismasi 1963. Mzee ako nayo kwa kaseti, ako nayo kwa CD, ako nayo kwa flash ya gari. Na kila mwaka ikifika Novemba vita inaanza, kwa sababu mzee anasema Jim Reeves si wimbo wa Krismasi, ni Jim Reeves tu. Mathe anasema kama inataja hori basi ingoje tarehe 24.

Mimi, niseme ukweli, niko upande wa mathe. Watoto wa siku hizi wanasikia Krismasi kuanzia Oktoba, ikifika yenyewe imeshachujuka hamna ladha. Lakini hiyo usimwambie mzee.

So poster ya show ilivyotoka, mzee alijua lazima atafute njia. Aliniomba nimtafutie historia kwa simu, nikampatia, na siku ingine nikamkuta jikoni anamfundisha mathe akimenya vitunguu. Ati unajua ile nyumba kubwa ya country kule Nashville, Ryman, ilijengwa kama nyumba ya ibada? Na ni kweli, ilifunguliwa 1892 kama tabernakulo ya mikutano ya injili, na Grand Ole Opry, ile show ya country ya redio, ilifanyiwa hapo ndani kuanzia 1943 mpaka 1974, watu wamekaa kwa benchi za kanisa. "Kwa hivyo mama, ni kama tunaenda Misa." Mathe hakujibu, aliendelea na vitunguu. Baada ya siku mbili tatu akauliza kama wataimba za Noeli. Mzee akasema hapana, ameuliza. Hakuwa ameuliza mtu yeyote.

Show yenyewe ilikuwa kwa open ground ya hoteli moja, nyama choma upande mmoja, stage upande mwingine, malipo ni M-Pesa hapo gate. Kama hujawahi kwenda country night ya Kenya, jipange kuona maajabu. Wazee wa miaka sabini na kofia za kaboi, mikanda yenye buckle kama sahani, mashati ya checked, buti zimepakwa kiwi mpaka zinakuonyesha sura yako. Wamama wa chama na leso kiunoni. Na vijana pia, wengi kuliko nilivyodhani, wanacheza line dance wote wakigeuka upande mmoja isipokuwa mjomba mmoja aliyekuwa amekunywa kidogo yeye akageuka alivyotaka. Haikuwa Sir Elvis, yule mwimbaji wa country wa Kenya, watu huuliza hivyo kila saa, ilikuwa bendi ya vijana na mzee mmoja wa steel guitar ambaye nadhani ndiye alikuwa anawabeba wote. Walipiga Kenny Rogers, Dolly, Don Williams, na kila wimbo watu waliimba mpaka mwimbaji akanyamaza tu akanyosha maiki kwa crowd. Karibu na mwisho wakaingiza mugithi kidogo, ile one man guitar ya Wakikuyu, na hakuna mtu alishtuka kwa sababu wale wa mugithi wamekuwa wakichanganya na country miaka yote, gitaa zinajuana.

Kuna kijana nyuma yetu alikuwa anaambia mpenzi wake kwa sauti ati hii ni muziki ya wazungu tumeazima. Mzee aligeuka na kiti mzima mzima. Akamwambia banjo mizizi yake ni Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watumwa, halafu akamwuliza kama anamjua Charley Pride. Kijana hakumjua. Hapo ndio akajiletea. Kwa sababu mzee mwenyewe alisikiza Charley Pride miaka mingi kwa kaseti ya kurekodiwa, haina kava, akidhani ni mzungu, mpaka siku aliona picha kwa gazeti. Na si yeye peke yake, huko Marekani 1966 kampuni ilitoa rekodi zake za kwanza kwa stesheni za redio bila picha, wakihofia watu wakijua ni mweusi hawatapiga. Alikufa 12 Disemba 2020, covid, kwa hivyo kila Majilio mzee humkumbuka. Bendi ilivyoanza wimbo wake mzee alivua kofia akasimama mpaka ukaisha. Kijana pia akasimama, sijui ni heshima au ni uoga.

Halafu ikafika. Mwimbaji akasema "sasa tuingie Krismasi kidogo" na mimi nikaangalia mathe, sista yangu akaangalia mathe, mzee akaangalia mbali kabisa kama mtu anayetafuta gari yake kwa parking. Ilikuwa ya Jim Reeves, bila shaka. Mathe alikaa mdomo umefungwa. Beti ya kwanza hakuna. Beti ya pili nikaona mguu. Chorus ya mwisho alikuwa anaimba, na sauti ya pili pia, ile ya kwaya, maneno yote anayajua mpaka zile sehemu mzee huwa anabuni. Ilivyoisha akatuambia bila kuulizwa kwamba ilishapita saa sita usiku, ni Jumapili ya furaha, pinki inaruhusu. Mimi niliangalia saa, ilikuwa saa nne na nusu. Hakuna mtu alisema kitu.

Asubuhi tulikuwa Misa ya kwanza kama kawaida, macho mekundu, kijana wa sista akawasha mshumaa wa pinki akiwa na kofia ya kaboi kichwani na mathe akamwachia avae, kitu ambacho sisi tungechapwa.

Saa hii tunajipanga kwenda shags, Kericho, kwa kogo, yaani nyanya yetu. Mafundi wameshapaka rangi sitting room yake, hiyo hufanywa kila Disemba hata kama ya mwaka jana bado iko sawa. Contribution ya mbuzi iko kwa group ya WhatsApp na majina ya wasiolipa yanarudiwa kila asubuhi bila huruma. Tarehe 24 mchana ndio mti unakatwa, tawi la saipras kwa ndoo ya mchanga, pamba ndio theluji, baluni, na tishu ya choo inazungushwa dari nzima, usicheke, hata kwenu ilikuwa hivyo. Sio mbali sana na kwetu ni Kapkatet, pale Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi wasichana wa Kipsigis 1950 wakiimba Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country wa zamani wa Marekani, walikuwa wamemsikia kwa gramafoni wakamwimba kama kiumbe nusu mtu nusu swara. Nilimchezea kogo kwa simu mwaka jana. Alisikiza yote, akasema huyo msichana anaimba vizuri lakini kwao waliimba haraka zaidi, akaitisha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa.

Vita ya mwaka huu itakuwa speaker. Macousin wanataka amapiano, mzee anataka flash yake. Tumekubaliana kwa group kwamba mzee ako na asubuhi ya tarehe 25 mpaka mbuzi aive, baada ya hapo vijana. Mzee amejibu na thumbs up, halafu akaniuliza kwa inbox kama mbuzi anaweza kuivishwa polepole.

Fare ya Nakuru Kericho ndio sitaki kuongelea.