Kunguru Naye Analishwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tukae na Luka 12:24. Mathayo, anapoliandika fundisho hili, anasema "ndege wa angani" kwa jumla. Luka anamtaja mmoja tu: "Watafakarini kunguru, ya kwamba hawapandi wala hawavuni, hawana ghala wala uchaga, na Mungu huwalisha." Kwa waliokuwa wakisikiliza siku ile, kunguru alikuwa najisi (Walawi 11:15). Haliwi, hatolewi sadaka. Bwana angeweza kumtaja njiwa, akamtaja yule tunayemfukuza kwa mawe.

Tunaoishi mashambani tunapenda kumwaga punje uani ili ndege waje. Ni jambo jema, ila angalieni tunavyochagua wageni. Shomoro karibu, njiwa karibu, kunguru ushindwe! Na ni huyo huyo aliyempelekea Eliya mkate na nyama, asubuhi na jioni, penye kijito cha Kerithi.

Urafiki na kiumbe wa porini hauji haraka. Shomoro hutua kwanza juu ya ua, akachungulia, akashuka, akadonoa punje moja na kuruka nayo. Ukimtazama vizuri utaona anavyoigeuza mdomoni mpaka ganda linadondoka. Njiwa yeye humeza nzima nzima. Ukikaa kimya mahali pale pale kila asubuhi, umbali kati yenu unapungua. Ukinyoosha mkono kumshika, mnaanza upya. Mimi naona ndivyo inavyopasa kuwa, maana si mali yetu.

Torati nayo ina neno hapa. Kutoka 23:11 inaagiza shamba lipumzishwe mwaka wa saba, maskini wale, na watakachosaza wakile wanyama wa kondeni. Mwisraeli hakuambiwa awapelekee chakula. Aliambiwa aache. Basi tuache matunda machache juu ya mti, tuache kichaka pembeni mwa shamba bila kukifyeka. Kuna jambo wengi hawalijui: shomoro hula nafaka, lakini makinda yake huyalisha wadudu. Ukipulizia dawa mpaka wadudu wote wakaisha, punje zako za uani haziyasaidii makinda hata kidogo. Maji nayo yawe kwenye chombo kipana kisicho na kina, yabadilishwe kila siku na chombo kisuguliwe, kwa sababu kinyesi cha ndege mmoja mgonjwa huwaambukiza wengine. Makombo yenye chumvi au ukungu tusiwape. Kumpa kiumbe wa Mungu kilichooza halafu tukaita ukarimu, hapana.

Tumbili ni habari nyingine. Huyo msimlishe kwa mkono, hata akija na mtoto amemshikilia kifuani. Akishazoea atapora chakula mikononi mwa watoto wenu, atawauma, na mwishowe watu watamtegea sumu. Aliyemzoeza ni mwenye nyumba, atakayekufa ni tumbili. Kumpenda huyo ni kumwacha aendelee kuwaogopa.

Zaburi 104:27 inasema, "Hao wote wanakungoja Wewe, uwape chakula chao kwa majira yake." Wanamngoja Yeye, si mimi. Nikisafiri siku mbili wataenda kutafuta kwingine, na nikirudi sina sababu ya kujiona nimewatupa. Neno hilo hunipumzisha kuliko mahubiri mengi niliyosikia juu ya kutojisumbua.

Kwa wiki hii someni Kumbukumbu la Torati 22:6-7 pamoja na watoto, hasa wale wenye manati. Ni sheria fupi kuhusu kiota: ukikikuta njiani, mama akiwa ameatamia, usimchukue yeye pamoja na makinda. Waonyesheni ahadi iliyo mwishoni mwa mstari wa 7, kisha wafungue 5:16 wajionee kwamba ndiyo ile ile aliyopewa anayewaheshimu baba yake na mama yake.