Kutoka New Haven hadi Philadelphia: kuisaka Biblia katika sheria za Marekani

Ukitaka kuona mahali sheria zilipotungwa Biblia ikiwa mkononi, shuka New Haven, jimbo la Connecticut. Kutoka stesheni nilitembea hadi Green, uwanja wa nyasi katikati ya mji, wenye makanisa matatu yaliyojipanga mstari mmoja. Juni 1639 walowezi Wapuritani, Waprotestanti wa Uingereza wenye msimamo mkali wa dini, walikutana hapa, inasemekana ghalani kwa Robert Newman, wakaulizana: Maandiko yanatosha kuongoza serikali kama yanavyoongoza familia na kanisa? Wakanyoosha mikono kwamba yanatosha. Kuanzia hapo kura na uongozi vikawa vya washirika wa kanisa tu. Hata jopo la raia mahakamani wakaliacha, maana hawakulikuta katika torati ya Musa! Wenzao wa Massachusetts nao, walipoorodhesha makosa ya kunyongwa mwaka 1641, waliyaambatanisha na mistari ya Kutoka, Walawi na Kumbukumbu la Torati.

Koloni la New Haven halikufika mbali. Mwaka 1665 lilikuwa limeshamezwa na Connecticut.

Nikapanda treni ya kusini, nikaipita New York bila kushuka, hadi Philadelphia. Kwenye Kengele ya Uhuru, kengele kuukuu yenye ufa iliyo alama ya uhuru wa Marekani, unakaguliwa begi kwanza. Wageni wote wanagombea kupiga picha ya ufa. Mimi nilikwenda upande wa pili kusoma maandishi yanayoizunguka juu: tangazeni uhuru katika nchi yote, kwa wote wakaao ndani yake. Walawi 25:10, na sura na mstari vimetajwa palepale kwenye shaba. Wengi hudhani maneno hayo yalimlenga mfalme wa Uingereza. Hapana. Bunge la Pennsylvania liliiagiza kengele London mwaka 1751, miaka 25 kabla ya uhuru, na mstari wenyewe unahusu yubile, mwaka wa hamsini. Mwaka huo wa 1751, hati ya haki aliyoitoa William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania, mwaka 1701 ilikuwa imetimiza miaka hamsini.

Jina la Kengele ya Uhuru lilienezwa na wapinga utumwa katika miaka ya 1830. Hatua chache kutoka mlangoni kuna mabaki ya msingi wa nyumba ambayo George Washington aliishi akiwa rais, pamoja na watumwa wake. Nilisimama hapo nikafungua sura ileile kwenye simu: mstari wa 44 unawaruhusu Waisraeli kununua watumwa kutoka mataifa ya jirani. Watetezi wa utumwa nao waliusoma.

Ng'ambo ya barabara ni Independence Hall. Chumba ni kidogo kuliko nilivyotegemea: meza zenye vitambaa vya kijani, viti vya mbao, na mbele kile cha Washington, aliyeongoza mkutano wa Katiba, chenye jua lililochongwa mgongoni. Katiba ya Marekani iliandikwa humu na wajumbe wa majimbo mwaka 1787. Juni 28 mjumbe Benjamin Franklin, mzee wa miaka 81, alipendekeza kila kikao kianze kwa sala. Pendekezo halikupita. Katika Katiba iliyotoka humo utaona Jumapili ikiondolewa katika siku 10 za rais kutia saini muswada, na tarehe iliyoandikwa kwa mwaka wa Bwana. Mstari wa Biblia hakuna hata mmoja. Kwa watu walioyajua Maandiko vile, siwezi kuamini kwamba walisahau.

Aliyenivutia zaidi hakuwamo chumbani. Jonas Phillips, Myahudi wa mjini hapa, aliwaandikia wajumbe Septemba 7 akilalamikia kiapo cha Pennsylvania, kilichomtaka mbunge akiri kwamba Agano la Kale na Jipya yametolewa kwa uvuvio wa Mungu. Vikao vilikuwa vya siri, milango imefungwa, hakuweza kujua kwamba Agosti 30 wajumbe walishakubaliana: hakuna sharti la dini kwa cheo chochote cha taifa. Katazo hilo halikuyafunga majimbo. Pennsylvania ililegeza kiapo chake mwaka 1790, ikiwahakikishia nafasi wanaomkiri Mungu na malipo ya maisha yajayo. Asiyeamini hakuahidiwa kitu.