Stelingi ya Baba ilipoanza kucheza

Juzi basi la Mbeya liliingia stendi na ile harufu kali ya breki zilizochemka, nikamkumbuka Baba papo hapo.

Wanaoujua mteremko mkali wa Kitonga hawahitaji maelezo. Ukitoka Iringa na kuiacha Ilula, barabara inaingia korongoni, mwamba huku, bonde kule, na mbele yako malori yanatambaa. Siku ile tulishuka nyuma ya lori la mbao. Gari la Baba lilikuwa otomatiki, akaliacha kwenye D, gia ya kawaida ya kwenda mbele, mteremko mzima na mguu juu ya breki. Tulipofika Ruaha Mbuyuni alisimama kununua vitunguu, akabishana bei kupitia dirishani, breki bado ameikanyaga. Tulipofika kwenye matuta ya Mikumi, stelingi ikaanza kucheza mikononi mwake kila alipopunguza mwendo.

Morogoro tulizunguka sana. Fundi wa kwanza alibalansi matairi, wa pili akabadilisha tairodi endi, kiungo cha stelingi kwenye gurudumu. Pesa ikatoka, stelingi ikaendelea kucheza. Ndipo tukaelekezwa kwa mzee mmoja nyuma ya Msamvu, mwenye karakana ya mabati na benchi la chuma.

Yule mzee hakushika spana kwanza. Alipokea shikamoo yangu, akaketi kwenye usukani, akamwambia Baba apande. Kwenye barabara tupu alivuta breki ya mkono taratibu. Gari likapunguza mwendo bila shida. Akaachia, akakanyaga ya mguu, stelingi ikatetemeka. "Breki ya mkono inakamata nyuma," akasema. "Nyuma kumetulia. Na ingekuwa balansi, ingetetemeka hata usipokanyaga. Twende mbele."

Sehemu iliyofuata naikumbuka vizuri kuliko yote. Alipiga jeki, akatoa tairi na kalipa, kile kishikio cha pedi za breki, akaibana diski ya breki kwa nati ili isicheze. Kisha akatoa kwenye kitambaa kifaa kidogo cha duara chenye uso kama saa, akakifunga kwenye mkono wa chuma, ncha yake ikagusa uso wa diski. Akanisogeza. "Mwanangu, mstari mmoja hapo ni sehemu ya mia ya milimita. Ikizidi mitano, hii diski inayumba. Angalia mshale, usiangalie mkono wangu."

Akaanza kuizungusha diski polepole. Mshale ukapanda, ukapanda tena, ukapita mitano, ukafika kumi na mbili, ukaanza kurudi. Akazungusha tena, ukafika palepale. Kwa macho diski ile ilikuwa imenyooka kabisa, inang'aa. Baba alivaa miwani, akainama hadi paji la uso likakaribia kugusa fenda, akaomba izungushwe mara nyingine. Hakusema neno. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akikubali jambo la gari kimyakimya.

Mzee akatoa diski. Nyuma yake, pale inapokalia habu, yaani kitovu cha gurudumu, palikuwa na kutu iliyoganda kama ukoko wa wali. Akaisugua kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kikaonekana, akarudisha diski, akapima: mistari mitatu. Kisha akapima unene wa diski kuizunguka yote, na sehemu moja ilikuwa imelika kuliko nyingine. Kwa kuwa unene ulikuwa bado juu ya kiwango cha mwisho kilichochapwa pembeni mwa diski, iliwezekana kuikereza, yaani kuusawazisha uso wake kwa mashine. Mengine yalienda haraka: diski zote mbili za mbele kwa mkerezaji, pedi mpya, nati zikakazwa kwa kukatiza, hii na ya upande wa pili, kwa spana ya kupima nguvu. Baba akaambiwa akimbize hadi 60, apunguze hadi 10 bila kusimama kabisa, arudie mara kadhaa ili pedi na diski zizoeane. Stelingi ikatulia.

Lakini wale wawili hawakukubaliana kamwe. Kwa Baba, lililoharibu diski ni joto la Kitonga. Mzee alisema kutu iliifanya diski iyumbe muda mrefu, ikawa inagusa pedi hata breki ikiwa imeachiwa, ikilika mahali palepale kila mzunguko. Kitonga ilikamilisha tu, hasa pale Baba alipozibana pedi za moto juu ya diski iliyosimama. Mimi naelemea kwa mzee. Ila Baba ana hoja yake: kutu hiyo ilikuwepo tangu lini, na kwa nini stelingi ilikuwa shwari hadi siku ile?

Sijapata jibu la kumpa. Siku hizi nashuka Kitonga kwa gia nzito, na ninapobadilishiwa pedi, fundi nikimwambia asugue habu kabla ya kufunga diski, mara nyingi ananijibu hakuna haja. Nasimama hapohapo hadi asugue.