Nimeuza rupia zangu mnadani, sio kwa mizani ya sonara

Watu wananiuliza sana kwa nini nimeuza sehemu ya sarafu zangu, na kwa nini nimezipeleka mnadani Ujerumani wakati hapa Kariakoo kuna wanunuzi kila siku. Basi naandika hapa mara moja nisirudie rudie kwenye simu.

Sarafu za zamani za huku kwetu nimezikusanya tangu niko sekondari. Rupia na heller, sarafu za wakati Mjerumani anatutawala, senti za tundu za Mwingereza, pesa za shaba za Zanzibar za Sayyid Barghash zile zenye mizani, mpaka zile za kwanza za Benki Kuu za 1966, yenye samaki, yenye mbuni, yenye sungura na shilingi ya mwenge, zote upande wa pili yupo Mwalimu. Mwaka huu kuna ada ya chuo na kuna paa la nyumba Chanika, nikaona kwa nini nikakope wakati sarafu za aina moja ninazo mbili tatu zimelala kabatini. Zilizoondoka ni za Mjerumani tu, za fedha na za shaba. Za Mwalimu hazijaguswa na hazitaguswa.

Sasa kwa nini sio Kariakoo. Ukimpelekea sonara rupia anaiweka kwenye mizani, inasoma gramu kumi na moja na ushee, anajua ni fedha nzuri, anakupa bei ya fedha na hapo kamaliza. Simlaumu, yeye kazi yake ni kuyeyusha. Ila mimi naumia kabisa nikifikiria ni ngapi zimeishia kuwa hereni. Chukua ile ya rupia mbili, kubwa, ina Kaizari Wilhelm wa Pili na kofia ya chuma yenye tai juu yake na nyuma simba wa ile kampuni ya Kijerumani iliyokuja kututawala kabla serikali yao haijashika yenyewe, hiyo imetengenezwa miaka miwili tu, 1893 na 1894, basi. Kwenye mizani ya sonara hiyo ni rupia moja mara mbili, lakini kwa mtu anayeijua ni kitu kingine kabisa.

Na za baadaye ndo unatakiwa uwe na jicho zaidi. Kuanzia 1904 walipobadilisha mfumo, rupia ikawa heller 100 badala ya 64 za visarafu vya shaba vilivyoitwa pesa, sarafu zikaanza kuwa na kiherufi kidogo cha kiwanda zilikogongwa, A ni Berlin, J ni Hamburg, na mwaka ule ule mmoja yenye herufi hii unaweza kuipata kila mahali na yenye herufi ile ukaitafuta mpaka uzeeke. Kiherufi tu hicho! Ndo maana nasema soko la sarafu linahitaji wanunuzi wanaojua, tena zaidi ya mmoja, kwa sababu mnunuzi mmoja anayejua akikutana na muuzaji asiyejua, mwenye sarafu lazima aumie. Mnadani wakikutana wawili wanaoitaka sarafu ile ile, wenyewe kwa wenyewe ndo wanaipandisha, hata kama we mwenyewe hujui thamani yake.

Wengi wanaosaka za Mjerumani wako huko huko Ujerumani, kwa hiyo nikaandikia nyumba moja ya mnada kule, nikatuma picha pande zote mbili, wakajibu zipi wanazitaka na zipi haziwalipi. Bora ukubali hilo mapema, maana sarafu zilizochakaa sana huwa wanazirundika kwenye fungu moja au wanazikataa. Halafu inakuja ishu ya kuzifikisha. Kampuni nyingi za vifurushi zina masharti magumu kwenye sarafu na vitu vya thamani, soma masharti yao vizuri na sema ukweli kwenye fomu, kwa sababu mzigo uliouficha ukipotea huna pa kudai. Na kila sarafu niliiandikia karatasi yake, nilinunua wapi, mwaka gani, ilikuwa ya mtu wa namna gani, hii moja imetoka kwa bibi mmoja Bagamoyo alikuwa ameishonea kwenye mkufu ndo maana ina alama ya kiungio pembeni. Kiungio kinashusha bei, sawa, ila ile karatasi inafanya aliyeinunua ajue ameshika kitu kilichovaliwa na mtu. Mimi hilo nalijali sana kuliko hata pesa yenyewe.

Kwenye makato fungueni macho. Kuna komisheni ya muuzaji, hiyo mnaongea, ukiwa na mzigo mzuri wanapunguza. Halafu mnunuzi naye anaongezewa juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyofikiwa mnadani, sehemu nyingi ni asilimia 20 hivi au zaidi, na watu wanasema ahh hiyo ni yake haituhusu. Inatuhusu! Mtu mzoefu akiwa na bajeti yake anaitoa hiyo asilimia kwanza ndo anajua apande mpaka wapi, kwa hiyo inatoka humo humo kwenye mfuko ambao ungekuja kwako. Na bei ya chini unayokubali kuuza usiipandishe kwa tamaa, isipouzwa inarudi, na wakusanyaji wana kumbukumbu, msimu unaofuata wakiiona tena wanajiuliza ina nini hii.

Siku ya mnada nilifuatilia laivu kwenye simu nyumbani Sinza, mke wangu pembeni. Heller zangu za shaba ambazo bado zina wekundu wake wa kiwandani zilienda vizuri kuliko nilivyowaza, ile rupia mbili ilipanda taratibu ikasimama nikadhani ndo basi, mara wawili wakaanza kuvutana, mmoja ukumbini mmoja kwenye intaneti, ikavuka makadirio yao kabisa. Mke wangu akaniuliza mbona unalia. Robo rupia mbili hazikupata mtu, zimerudi, niko nazo. Pesa yenyewe haiji kesho yake, ni wiki kadhaa mpaka wanunuzi walipe wote.

Kwa walioniuliza kama nilipeleka na tembo, hapana jamani, sina tembo. Ile dhahabu ya rupia 15 ya 1916 iligongwa Tabora kwenye karakana ya reli, vita imepamba moto, meli za Waingereza zimeziba bahari hakuna sarafu inayoingia kutoka Ulaya, wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke kule Iramba wakagonga tembo wao na mlima nyuma yake, takribani vipande 16,000 tu kabla Tabora haijaanguka Septemba mwaka huo huo. Nimeishika mara moja mkononi, ilikuwa ya mzee mmoja wa Upanga. Kitu cha Tabora! Nikipata nafasi mimi nanunua, siuzi.

Ombi langu kubwa: msisugue sarafu. Sio ndimu, sio majivu, sio ukwaju, sio dawa ya meno. Ile rangi ya kizee ndo mkusanyaji anaitafuta, ukiing'arisha inabaki na mikwaruzo midogo midogo na hata kama ni ya mwaka adimu bei inaporomoka na hairudi tena.

Na hawa wanaopita kwenye magrupu ya WhatsApp wakisema rupia ya Mjerumani inanunuliwa mamilioni mia eti mpaka ijaribiwe kwa mchele au kiberiti, na we utoe kwanza hela ya kuipima, hao ni matapeli, mkate mawasiliano. Rupia ya kawaida iliyochakaa bei yake haiko mbali na fedha iliyomo ndani. Hakuna mnada duniani unaopima sarafu kwa mchele.

Mwisho kuna kijana amenitumia picha ya visarafu vyembamba vya shaba vya maandishi ya Kiarabu alivyookota Kilwa baada ya mvua, anataka nimuunganishe na mnada. Mdogo wangu, hizo ni za masultani wa Kilwa, na sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, huwezi kuvitoa nchini bila kibali. Mimi siwezi kukuunganisha. Andika uliviokotea wapi hasa, usivioshe, vipeleke Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, na kama huijui njia niambie twende wote Jumatatu.