Chupa ya Savlon Isiyoisha

Katika kituo cha afya nilichoanzia kazi ya uuguzi, huku Nile Magharibi, Uganda, juu ya toroli ya vidonda palikuwa na chupa kubwa ya rangi ya kahawia ambayo sikuwahi kuiona ikiwa tupu. Kila ilipopungua, yeyote aliyekuwa zamu alimimina kidogo Savlon, dawa ya kusafishia vidonda, akaijaza maji ya tangi, akaitikisa, na kazi ikaendelea. Asubuhi moja mama aliyetusaidia usafi wa wodi, ambaye kwa umri angeweza kunizaa, aliishika na kuniuliza, "Sista, niongezee?" Nikamjibu, "Hapana, Mama, tuimwage kwanza, kisha tuioshe." Alinitazama kwa mshangao: "Mwanangu, unamwaga dawa?"

Swali lake lilikuwa la haki, kwa maana dawa ni fedha, na shehena ya kutoka bohari haiji kwa kufuata mahitaji yetu. Hata hivyo sote tulikuwa tumejengewa dhana kwamba kitu kinachoua vijidudu hakiwezi kuwa makao yao.

Savlon ina klorheksidini na setrimaidi, dawa zinazowamudu vizuri bakteria wengi wa ngozini, lakini zikishazimuliwa huwa dhaifu mbele ya Pseudomonas na jamaa zake, bakteria wa majini wanaotosheka na chakula kidogo mno. Wakiingia pamoja na maji ya tangi, hujishikiza kwenye ukuta wa chupa na kujifunika utando wa ute, ambao dawa iliyopungua nguvu hupenya kwa shida. Tunapoongezea dawa mpya juu ya masalio ya zamani, tunawaua walio wanyonge na kuwaachia nafasi wale waliokwisha kuizoea. Klorheksidini ya asilimia 2 imewahi kukutwa na bakteria aina ya Serratia marcescens, na wataalamu waliomchunguza waliripoti kwamba aliweza kuishi humo kwa miezi 27.

Jambo lenyewe linajulikana tangu zamani. Mwaka 1951 Edward Lowbury, mtaalamu wa bakteria huko Birmingham, Uingereza, aliandika kuhusu setrimaidi iliyochafuliwa na Pseudomonas, na maficho mojawapo yalikuwa vizibo vya chupa vilivyotengenezwa kwa gome la mti. Mwaka 1958 madaktari wawili wa Marekani, Plotkin na Austrian, walieleza maambukizi ya damu yaliyotokana na vifaa vilivyohifadhiwa ndani ya dawa ya jamii hiyo hiyo. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka pamba ya mtungini mwetu, ambayo tuliiloweka kwa Savlon siku ya Jumatatu na kuitoa kwa koleo hadi Ijumaa. Nyuzi za pamba hufyonza dawa, hivyo kimiminika kinachobaki huwa hafifu kuliko tulichokipima. (Sabuni nayo huidhoofisha Savlon, kwa hiyo chupa iliyooshwa bila kusuuzwa vizuri huiharibu dawa mpya kabla haijafika kwenye kidonda.)

Wengine husema, basi tutumie iodini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, hospitali za Marekani zilipata majibu ya damu yaliyoonyesha bakteria kwa wagonjwa ambao hawakuwa na maambukizi hayo. Chanzo kilikuwa povidoni-iodini iliyopakwa ngozini kabla ya kuchoma sindano, nayo ilikuwa imechafuliwa tangu kiwandani. Spiriti pia haiziui spora za Bacillus, yaani bakteria waliojifunga ndani ya ganda gumu, ingawa kwa bakteria wa kawaida hufanya kazi haraka.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba sisi Waganda tulikwisha kulielewa somo hili kwa upande wa Jik, dawa ya klorini. Kuanzia Ebola ya Gulu mwaka 2000 hadi ile ya Mubende mwaka 2022, klorini ya kunawa na ya kusafishia ilichanganywa upya kila siku, na hakuna aliyelalamika kwamba ya jana imemwagwa. Jik hupoteza nguvu kwa jua na joto, na mtu hulihisi hilo kwa pua. Savlon ya wiki tatu inanukia vilevile kama ya leo, na nadhani harufu hiyo ndiyo iliyotudanganya.

Siwezi kuilaumu chupa ile kwa usaha wa kijani, dalili ya Pseudomonas, niliouona kwenye vidonda viwili vya upasuaji mwaka ule, kwa kuwa hatukupima. Tulichofanya ni kununua chupa ndogo, kuzimua kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kutoloweka pamba kabla ya wakati wake, na kubandika plasta yenye tarehe, ili kilichobaki jioni kimwagwe na chupa ioshwe, isuuzwe, ikaushwe kichwa chini. Chupa kubwa ya kahawia tuliiondoa kabisa kwenye toroli, kwa sababu muda wote ilipokuwa pale, mkono wa mtu uliitafuta ili kuijaza.